Aina Nne za Odeta

Mwalimu wa saikolojia aliondoka chuo cha ualimu siku ya Jumatatu, hata ubao hakuufuta. Alikwenda kuwa karani wa stoo katika kiwanda cha minofu ya sangara, na nani wa kumlaumu? Mwaka huo wa tisini na saba viwanda vya samaki vilikuwa vimejipanga ufukweni Mwanza, minofu inapaa kwenda Ulaya kwa ndege, na mtu aliyebeba masanduku ya barafu alikula vizuri kuliko aliyebeba chaki. Serikali nayo ilikuwa imefunga mlango wa ajira. Basi mkuu wa chuo, Mwalimu Suzana, mama mfupi ambaye hata mvua ingemtii, akawaita wanachuo wa mwaka wa pili akawaambia bila kuzunguka: mwalimu hayupo na mwingine haji, kwa hiyo Alhamisi mchana mtafundishana wenyewe. Akauliza nani atajitolea kuongoza.

Akasimama Odeta.

Odeta huyu inabidi aelezwe vizuri, maana wengi wakisikia kisa chake huanza kwa kumhukumu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye kusema haraka kama anayekimbizwa. Wazazi wake Wahaya, lakini yeye kazaliwa Mwanza, baba yake akiwa fundi wa reli. Wasukuma wa darasani walimtania kwamba Mhaya ukimpa kitabu kimoja kesho anakufundisha viwili, naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuwa na majivuno ya kuudhi. Alikuwa tu mtu anayeamini kwamba jambo likielezwa vizuri, maumivu yake hupungua.

Imani hiyo aliipata kwa njia chungu. Akiwa na miaka kumi na minne, anasoma bweni kwa masista ng'ambo ya ziwa, aliitwa akaambiwa baba anaumwa, ajiandae kwenda kumwona. Akanunua machungwa sita. Njia nzima melini aliyashika mapajani, akiwaza atakavyommenyea baba, maana baba hakupenda nyuzinyuzi zile nyeupe. Alipofika mtaani kwao akaona watu wamekaa nje kwenye mikeka, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na jirani mmoja akampokea kikapu bila kumwangalia. Machungwa yale waligawiwa watoto wa waombolezaji. Odeta alimzika baba yake kesho yake, akalia kama watu wote, lakini kitu kilichomkaa rohoni miaka kumi ni kwamba walimdanganya. Wote walijua, hata sista aliyemsindikiza alijua, na yeye peke yake akafanywa mjinga na kikapu chake.

Haya. Kwa somo la Alhamisi hakuwa na vitabu. Alikuwa na kijitabu kimoja kisicho na jalada, alichokiomba parokiani, kinachosema binadamu wote wamegawanyika katika aina nne: Mchangamfu, Jasiri, Mtafakari na Mpole. Kila aina ina furaha yake, hasira yake, na namna yake ya kutendewa. Ukijua aina ya mwenzio, kilisema kijitabu, utajua anavyohisi, na mwalimu anayejua mtoto anavyohisi hatamchapa bure. Ndilo somo lenyewe, na tuseme ukweli, halikuwa somo baya. Walimu hawa wangekwenda kukabidhiwa watoto sabini kwenye chumba kimoja. Mtu akiwafundisha kutazama uso wa mtoto kabla ya kushika fimbo, kuna ubaya gani?

Wanachuo walilipenda kupita kiasi. Odeta alibandika karatasi kubwa ukutani, safu nne, na kila jina likaingizwa mahali pake baada ya mjadala. Muda si mrefu mambo yakahamia bwalo la chakula. Wachangamfu walitumwa kuomba mboga ya ziada, Wapole walisukumiwa kuosha sufuria, na mtu akichelewa kujibu salamu aliambiwa asiwe na wasiwasi, ni Utafakari wake unamsumbua. Kila mtu alipata kisingizio.

Wa kwanza kuingizwa safu ya Jasiri alikuwa Ngosha. Hapo hapakuwa na mjadala. Ngosha alikuwa Msukuma mrefu, mabega kama mlango, mzaliwa wa kijiji kimoja ng'ambo ya Busisi, na ndiye kiranja wa kazi za shamba. Aliwahi kuua swila katika bweni la wasichana kwa kandambili, kisha akaomba radhi kwa kuingia bila kubisha. Odeta alipoandika jina lake, Ngosha alisema polepole kwamba kwao mtu haandikwi ukutani angali hai. Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, jina likabaki.

Alhamisi ya sita ilihusu kusema ukweli. Odeta alisimulia habari ya machungwa, mara ya kwanza kuisema mbele za watu. Kisha akasema desturi hii yetu ya kumwambia mtu "anaumwa" wakati mgonjwa ameshakufa ni kumnyima mtu heshima yake. Kijitabu kilikuwa upande wake: Jasiri hapendi kuzungushwa, mwambie wazi, umwache peke yake akusanye nguvu. Wengine walinung'unika, mmoja akasema wazee hawakuwa wajinga. Lakini nani atashindana na yatima aliyesimama mbele yake na chaki? Wakakubaliana kwamba walimu wa kisasa wataacha mzunguko huo.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, akaja mzee mmoja getini na vumbi la safari miguuni. Aliitwa Mashimba, mjomba wake Ngosha, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Mwalimu Suzana alikuwa mkutanoni mjini, walimu wengine wamo madarasani, kwa hiyo mlinzi akampeleka mzee kwa Odeta, aliyekuwa zamu ofisini. Odeta akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, akakaa, akatazama mlango kwanza ndipo akazungumza.

"Dada yangu hatunaye tangu jana jioni," alisema. "Wewe ujue, na chuo kijue. Ila Ngosha mwambie mama anaumwa, amezidiwa. Aoge, avae, anisubiri. Mimi nakwenda Nyamagana kununua sanda na misumari, saa nane nitampitia twende naye."

Odeta alisema pole, akasema sawa, akamsindikiza hadi getini. Kisha akarudi akakaa, na kwa nusu saa nzima akapigana na nafsi yake. Asionewe hapo. Hakufanya jambo kwa wepesi. Alimwona Ngosha akitabasamu njiani, akiwaza atakachompelekea mgonjwa. Akamwona akiteremka nyumbani, watu wote wanajua, yeye hajui. Moyo ukamwuma kama ule wa mtoto wa miaka kumi na minne, na akasema hapana, huyu sitamfanyia hivyo. Alitaka kumpa mwenzake kile ambacho yeye alinyimwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Odeta alikuwa na hakika kitanda hiki amekilalia.

Alimkuta Ngosha kwenye mihogo, anapalilia. Akamwita pembeni, akamtazama usoni kama alivyofundisha, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba mama yake amefariki jana jioni, na kwamba mjomba wake atakuja kumchukua saa nane.

Ngosha alisema, "Asante, dada." Akarudi kwenye tuta lake akalimaliza. Akafuta jembe kwa majani, akalirudisha stoo, akanawa miguu bombani. Odeta alimwona dirishani anapita kuelekea getini, na shati lile lile la shamba, bila begi. Dorcas, msichana wa chumba kimoja na Odeta, alitaka kumkimbilia. Odeta akamshika mkono akamwambia amwache, huyo ni Jasiri, anataka kuwa peke yake. Alisema hivyo kwa kujiamini kabisa, na kwa miezi mingi baadaye ni maneno hayo, kuliko mengine yote, yaliyokuwa yakimwamsha.

Saa nane kamili mzee Mashimba alifika, sanda kwapani imefungwa kwenye gazeti. Akauliza kijana yuko wapi. Odeta akaeleza alichofanya na sababu zake, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa ndogo. Alipomaliza, mzee alitazama barabara huku na huku, akauliza kama kuna mtu aliyekwenda naye. Odeta akasema hapana. Mzee akasema basi labda yuko kivukoni, akaondoka mbio, na mzee wa umri ule kumwona akikimbia si jambo jema.

Kivukoni hakuwepo, wala nyumbani hakufika. Walimngoja usiku ule na asubuhi yake. Kijijini hakuna jokofu la maiti, na Ngosha alikuwa mtoto wa kwanza, ndiye aliyetakiwa kutupa udongo kabla ya wengine. Wakamngoja mpaka saa tisa alasiri, na ilipofika saa tisa haikuwezekana tena. Wakamzika mama bila yeye. Habari hizo zililetwa chuoni na abiria wa kivuko, na Mwalimu Suzana akawagawa wanachuo kumtafuta, wengine mjini, wengine hospitalini, wengine kuuliza uliza kando ya barabara. Odeta alitembea Usagara yote akiuliza kijana mrefu wa shati la bluu. Hakumwona. Aliporudi aliingia darasani, akaibandua ile karatasi ukutani akaikunja, akaketi kwenye dawati mpaka Dorcas alipokuja kumwita. Hakuwa na machozi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba amemwua.

Siku ya tano mzee Mashimba akarudi. Mwalimu Suzana alimkaribisha ofisini, Odeta akasimama mlangoni hathubutu kuingia. Mzee alisema wamempata, alikuwa Misungwi kwa katekista mmoja, anamlimia.

"Tumempata na tumempeleka nyumbani," alisema, "lakini hajafika. Hajalia. Kaburini hajasogea, kalipa mgongo. Ukimtaja mama yake anakutazama kama umemwuliza habari za jirani. Akiendelea hivi, mwalimu, huyu mtu atatupotea."

Odeta aliingia, akapiga magoti mbele ya mzee, akaomba aende naye. Mwalimu Suzana alimwachia mzee aamue. Mzee alimtazama yule binti, akasema waondoke, basi lisije likawaacha.

Hawakuzungumza mpaka walipokuwa juu ya pantoni, katikati ya maji, ng'ombe wa mtu wakisukumana nyuma yao. Hapo mzee alianza mwenyewe, bila ukali, na ingekuwa afadhali angekuwa na ukali.

"Unadhani sisi ni waongo," alisema. "Mwanangu, hakuna Msukuma mtu mzima anayeambiwa mama anaumwa, akaja kuchukuliwa na mjomba wake mwenyewe, asijue. Anajua. Anajua kidogo pale mlangoni. Akifika hapa majini anajua zaidi. Akiona watu wameketi nje anajua yote, na wakati huo tumemshika huku na huku. Neno lile si la kumficha. Ni la kumpa muda wa kutembea."

Odeta aliuliza, na ilimgharimu kuuliza, kama hata yeye zamani alijua. Mzee akasema hilo hawezi kulijibu, akamwuliza nani alimsindikiza siku ile. Odeta akasema sista. Mzee akauliza sista alikuwa akifanya nini melini. Odeta akafikiri. Na hapo, miaka kumi baadaye, akaona kitu ambacho hakuwahi kukitazama: sista hakusoma rozari siku ile, hakula, hakuondoka pembeni yake hata mara moja, na yeye alipojifanya amelala sista alikuwa akilia. Na kumbe hata yale machungwa sita aliyanunua huku mikono ikimtetemeka. Mtu hatetemeki kwa sababu ya machungwa. Alikuwa amehesabu ule uongo tu, mengine yote hakuyahesabu. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na mjukuu huyo alikuja kumkalia pajani pale pale juu ya maji.

Nyumbani kwa akina Ngosha watu wa matanga walikuwa wamepungua. Wanawake wachache walikuwa jikoni, wanaume watatu kwenye kivuli cha nyumba. Wakamkaribisha vizuri, na ukarimu ule ulimwumiza, maana wote walijua yeye ni nani. Ngosha alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ghala la mtama, amekonda usoni, mgongo ameupa zizi la ng'ombe. Nyuma ya mgongo huo, kando ya zizi, ndiko lilikokuwa kaburi, udongo bado mwekundu. Odeta alipelekewa kigoda, akakisukuma, akaketi chini.

Alisema aliyokuja kusema. Kwamba alikosa. Kwamba alimpima kwa moyo wake yeye, akamwandika jina la mtu mwingine. Kwamba hana cha kurudisha, na kama Ngosha anataka kumfukuza, kivuko cha jioni bado kipo. Ngosha alisikiliza kwa adabu. Alikuwa akichambua nyasi kidoleni, kipande kimoja, kingine.

"Ile karatasi," alisema mwishowe, "mliniandika nini?"

"Jasiri."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Kisha akaanza kusimulia, taratibu, na wale wanaume kwenye kivuli wakageuka kumsikiliza, kwa sababu tangu alipoletwa hakuwa amesema maneno matano mfululizo.

"Nilikuwa nakuja nyumbani," alisema. "Nilitembea vizuri mpaka Usagara, pale njia inapogawanyika. Nikasimama. Nikaona nikikunja kulia kwenda kivukoni, nitafika, na nikifika atakuwa amekufa. Ila nikinyoosha kwenda Misungwi, huko hakuna mtu anayejua. Huko yuko hai. Nikanyoosha. Katekista aliniuliza kwetu hawajambo, nikamwambia hawajambo, mama anapalilia pamba. Nikamwambia hivyo siku zote tatu, na nilikuwa naona kweli anapalilia."

Jikoni mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Odeta machozi yalimtoka tu, na hakuyafuta, maana aliona hana haki ya kujificha.

"Niliogopa, Odeta," alisema Ngosha. "Mimi ni mwoga. Hata yule nyoka niliogopa."

Odeta akasema anajua sasa. Akasema tena amsamehe. Ngosha alimtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeko hapo, si ya mtu aliyeulizwa habari za jirani.

"Kusamehe sijui," alisema. "Hilo litakuja lenyewe au halitakuja. Lakini wewe ndiye uliyeniambia. Hawa wote hawajaniambia, wananipa uji tu. Uliniambia, ukaniacha. Sasa nipeleke."

Odeta aligeuka kumtazama mzee Mashimba, maana hakujua kama ni halali mgeni, tena mwanamke asiye wa ukoo, kumpeleka mtu mahali pale. Mzee aliinamisha kichwa kukubali. Basi Odeta akasimama, akampa Ngosha mkono, na Ngosha akainuka kwenye kigoda na kugeuka.

Kutoka ghalani hadi zizini hazifiki hatua hamsini. Walikwenda kumi, Ngosha akasimama, na Odeta akasimama naye. Hakumsukuma, hakumwambia neno la kumtia moyo, hakutazama uso wake kusoma kilichomo. Walipoanza tena walianza kwa sababu Ngosha ameanza. Walisimama mara ya pili karibu na kinu, mara ya tatu pale kivuli cha nyumba kinapoishia, na hiyo ya tatu ilikuwa ndefu sana, hata kuku wakarudi kuchakura miguuni pao. Mkono wa Ngosha ulikuwa unatoka jasho, na Odeta aliusikia unavyozidi kuwa mzito kadiri walivyokaribia.

Kwenye udongo Ngosha alipiga magoti, akaweka kiganja juu yake, akamwita mama yake mara moja kwa sauti ya kawaida, kama anayeingia nyumbani na hajaona mtu. Akangoja kidogo. Ndipo alipolia. Wanawake walitoka jikoni, unga ungali mikononi, wakaja wakamzunguka yeye na Odeta, wakaanza kumlilia marehemu upya tangu mwanzo, kama vile maiti ndiyo kwanza inatolewa ndani.